Mashindano ya Kanda na Umri wa Mchezaji wa Kike

Mwezi Novemba 2020, timu ya Taifa ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17 ilitwaa kombe la COSAFA nchini Afrika Kusini kwa kuishinda Zambia kwa mikwaju ya penalti. Tanzania si mwanachama wa baraza hilo la soka la nchi za kusini mwa Afrika. Ilishiriki kama mwalikwa.

Faida kubwa ya mashindano ya kanda si kombe. Ni kumzoesha binti kulala mbali na nyumbani, kucheza mechi kadhaa ndani ya siku chache, na kufungwa leo ilhali keshokutwa anatakiwa uwanjani tena. Oktoba 2022, katika Kombe la Dunia la umri huo nchini India, Serengeti Girls walianza kwa kufungwa na Japani mabao 4–0. Siku tatu baadaye waliifunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Kanada, wakaingia robo fainali, walikotolewa na Kolombia. Kipigo cha kwanza kingetosha kuivunja moyo timu isiyozoea mashindano.

Hata hivyo, mlango wa umri haungoji. Kombe hilo lilikuwa la waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2005. Aliyezaliwa Desemba 2004, hata awe hodari kiasi gani, hakuruhusiwa. Kwa sababu hiyo kipaji hakina budi kuonekana mapema, kupitia UMITASHUMTA na UMISSETA, kuanzia shuleni hadi ngazi ya Taifa. Katika shule nyingi uwanja wa jioni ni wa wavulana kwa mazoea tu, wala hakuna kanuni iliyoamuru hivyo.

Lipo pia suala la cheti cha kuzaliwa, ambalo wazazi wengi hulikumbuka binti akishachaguliwa. Bila cheti, pasipoti huchelewa, na nafasi hupewa mwingine. Maombi hupokelewa na RITA. Mzazi aende na tangazo la kizazi, na asiye nalo aulize mapema ni nyaraka zipi zinazokubaliwa badala yake. Kabla ya kuwasilisha maombi, ahakikishe kuwa majina na tarehe ya kuzaliwa vinalingana na vilivyoandikwa katika rejista ya shule, kwani herufi moja iliyokosewa huweza kumrudisha ofisini mara ya pili.