Utafiti wa lishe: kwa nini mdadisi anaandika hata saa ya kufika kwako?

Ndugu mkazi, mdadisi wa lishe akifika nyumbani hupima watoto wa miezi 6 hadi 59: uzito, urefu na mzunguko wa mkono. Lakini huandika pia saa alipoanza na kumaliza, amekuja mara ngapi, na kama hakukuta mtu. Je, haya yana kazi gani? Yanaonyesha kama utafiti wenyewe unafanywa vizuri. Jioni msimamizi huyapitia na kutafuta dalili tatu.

1. Vipimo vya kukisia. Urefu husomwa hadi milimita, kwa mfano sentimita 83.7. Watoto wakiwa wengi, tarakimu za mwisho, 0 hadi 9, hutokea karibu sawa. Vipimo vya timu moja vikiishia sana kwenye 0 au 5, huenda wanakisia. Hapo hufundishwa upya kabla ya kuendelea.

2. Umri wa kukadiria. Watoto wengi mno wakiandikwa miezi 24, 36 au 48 kamili, huenda umri umekadiriwa. Umri ukikosewa, mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana hana shida. Onyesha kadi ya kliniki. Kama imepotea, mtasaidiana kukumbuka: alizaliwa kabla au baada ya mvua, mavuno au sikukuu gani?

3. Nyumba zilizofungwa. Hili ndilo kubwa. Tuseme kaya 10 zimechaguliwa, na 3 hazikukutwa kwa sababu akina mama wamekwenda kutafuta kuni au kibarua. Huenda watoto wao ndio wenye njaa zaidi. Wakiachwa, hali itaonekana nzuri kuliko ilivyo, na uji wa lishe unaweza kupangwa pungufu. Mdadisi asichukue nyumba ya jirani badala yake, arudi. Kumbukumbu zikionyesha asubuhi watu hawapo, timu irudi jioni.

Wewe ufanye nini?

- Ukitoka, mwachie jirani ujumbe wa saa utakayorudi.
- Taja umri wa kweli.
- Mdadisi akiondoka bila kupima mtoto, mwarifu kiongozi wa mtaa au mhudumu wa afya.

Kumbuka: saa na idadi ya ziara humpima mdadisi, si wewe. Una haki ya kukataa kujibu. Na mtoto ambaye mzunguko wa mkono wake uko chini ya sentimita 11.5 asisubiri matokeo ya utafiti: mpeleke kliniki siku hiyohiyo.