Mwenzio Akiwa Mwandishi wa Hadithi: Tunza Afya Yake na Yako

Leo nazungumza nawe ambaye mwenzio anarudi kutoka kubeba boksi, anakula upesi, kisha anainamia riwaya yake hadi saa nane za usiku. Unamsemesha, anaitikia "mmh", kumbe yuko na wahusika wake. Usidhani amekuchoka.

Kazi hii ni ya miaka. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyehamia Uingereza, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Stephen King wa Marekani aliitupa Carrie kwenye pipa la taka. Mkewe Tabitha akaiokota, akaisoma, akamhimiza aendelee. Ilichapishwa mwaka 1974. Wengi hawafiki huko, kwa hiyo usimpime mwenzio kwa fedha za kitabu ambacho hakijaisha. Kubalianeni saa zake za kuandika, na saa za watoto na bili nazo zijulikane.

Tuje kwenye mwili. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Vidole vikifa ganzi, hasa usiku, amwone daktari. Huenda mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kiwiko cha kiganja. Tena anayejifungia ndani hukosa jua. Uingereza wanashauri mikrogramu 10 za vitamini D kila siku majira ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuzitumia mwaka mzima.

Lakini lipo jambo la kuangalia sana. Aliyekesha akiandika huchoka kesho yake. Akipitisha siku kadhaa bila kulala wala kuchoka, anaongea mbio mbio, anatapanya fedha, hayo yaweza kuwa maradhi ya akili, nayo yana matibabu. Vilevile akimaliza wiki 2 hana raha na chochote, hata hadithi yenyewe kaiacha. Usisubiri amalize sura ya mwisho, wala usikimbilie kusema ni jini. Mpeleke kwa daktari. Akitamka kwamba anataka kufa, aliyeko England apige 111 achague 2, wa Marekani apige 988. Hatari ikiwa ya papo hapo ni 999 au 911.

Na wewe je? Chagua siku yako moja kwa wiki, nenda kwa jamaa na marafiki. Siku hiyo yeye abaki na watoto, hata kama hadithi imemnogea.