Mashine Ndani ya Mashine: Kufungua Data za Toolbox kwenye Linux

Mwanafunzi mmoja aliyetutangulia alikusanya maneno ya Kisanga, akayaingiza katika Toolbox, programu ya SIL ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Alipoondoka aliacha kila kitu kwenye fleshi moja, na fleshi hiyo ikaniangukia mimi. Kompyuta yangu inatumia Ubuntu. Niliifungua faili kwa kihariri cha kawaida na ilifunguka bila ubishi, maana faili za Toolbox ni maandishi matupu yenye alama: \lx kwa kidahizo, \ps kwa aina ya neno, \ge kwa maana. Tatizo lilikuwa ndani ya maneno yenyewe. Mahali pa ŋ palikuwa na N kubwa, na penye toni palikuwa na alama zisizosomeka.

Kosa si la mkusanyaji. Aliandika kwa fonti ya SIL IPA93, ya zama za kabla ya Unicode kuenea, wakati kila fonti ilikuwa na mpangilio wake. Kompyuta ilihifadhi namba ya N. Fonti ndiyo iliyochora ŋ. Ukiiondoa fonti, namba inabaki na sauti inapotea. Na katika lugha yenye toni, faili isiyo na toni haikufikishi mbali.

Vifaa vya kugeuza maandishi kama hayo kuwa Unicode, yaani SIL Converters, vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Toolbox vilevile, na Speech Analyzer pia. (Praat na ELAN zinaendeshwa kwenye Linux moja kwa moja, kwa hiyo hazihusiki hapa.) Anayetaka Toolbox peke yake ajaribu kwanza Wine, ambayo ni nyepesi. Mimi nilihitaji vyote vitatu, na sikuwa tayari kuifuta Ubuntu yangu. Njia iliyobaki ni mashine pepe: kompyuta kamili, yenye diski yake na memori yake, inayoishi kama programu ndani ya kompyuta nyingine. Kwa kuwa sisi wa huku kompyuta yenyewe tunaiita mashini, wenzangu walicheka niliposema naweka mashini ndani ya mashini.

Istilahi za jambo hili zinaingia katika Kiswahili bila kulazimishwa. Mfumo wa nje ni mwenyeji, wa ndani ni mgeni. Mwenyeji ndiye mwenye nyumba: anamkatia mgeni sehemu ya memori, anampa chumba kwenye diski, na mgeni hajui kwamba nje ya chumba kuna nyumba. Neno memori lenyewe linatusumbua kidogo, kwa sababu kwa Kifaransa chetu mémoire ni RAM na pia ni kazi ya kumalizia masomo, na mwezi wa Juni zote mbili hazitoshi.

Nilichagua VirtualBox. Ilianzia katika kampuni ya Kijerumani iitwayo Innotek, ikatolewa kwa umma mwaka 2007, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008, kisha Oracle ikaimeza Sun mwaka 2010. Sehemu yake kuu ni programu huru. Windows utakayoiweka ndani si huru. Inahitaji leseni yake.

Kabla ya kusakinisha chochote, iulize kompyuta kama prosesa yake inakubali kazi hii. Katika terminali:

lscpu | grep -i virtual

Jibu likiwa VT-x kwa Intel au AMD-V kwa AMD, endelea. Usipopata jibu, huenda uwezo upo lakini umefungwa katika BIOS. Washa kompyuta upya, ingia humo, uufungue. Angalia pia RAM. Mwenye GB 8 anaweza kumpa mgeni GB 3 au 4 na wote wawili wakaishi kwa amani. Mwenye GB 4 ampe 2, afunge kivinjari, na awe na subira.

Kusakinisha kwenyewe ni mistari miwili:

sudo apt update
sudo apt install virtualbox linux-headers-generic

Ile linux-headers-generic wengi huiacha, halafu wanakutana na ujumbe "Kernel driver not installed (rc=-1908)". VirtualBox inahitaji kipande chake, vboxdrv, kiingie ndani ya kerneli ya Linux. Kipande hicho hutengenezwa hapohapo kwenye kompyuta yako, na hutengenezwa upya kila kerneli inapobadilika. Bila faili za vichwa vya kerneli hakuna cha kukitengenezea. Ikitokea hivyo baada ya kusasisha Ubuntu, sakinisha vichwa kisha andika:

sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms
sudo modprobe vboxdrv

Kuna mtego wa pili. Kompyuta nyingi za sasa zina Secure Boot, ambayo haikubali kipande cha kerneli kisicho na sahihi. Wakati wa kusakinisha, Ubuntu itakuomba utunge neno la siri. Ukiwasha upya utaona skrini ya bluu yenye maneno "Enroll MOK". Usiipite kwa haraka. Chagua mstari huo, andika lile neno la siri, endelea. Mimi niliipita, nikapoteza jioni nzima nikitafuta kosa mahali pasipokuwa na kosa. Na kwa wenye kerneli 6.12 au mpya zaidi: VirtualBox ikilalamika kuhusu VMX, ni kwamba KVM, mashine pepe ya Linux yenyewe, imeshika prosesa kabla yake. Amri ya sudo modprobe -r kvm_intel (au kvm_amd) huiachisha hadi utakapowasha tena.

Picha ya diski ya Windows, yaani faili ya ISO, ni nzito kuliko GB 4. Kwa bei ya mega zetu hakuna atakayeipakua mara mbili, kwa hiyo hupitishwa mkono kwa mkono kwenye fleshi. Fleshi nyingi zimepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja inayofika GB 4, hata kama fleshi ni ya GB 32 na haina kitu. Ipange upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo. Ukishainakili, linganisha matokeo ya sha256sum na namba iliyotolewa na Microsoft. Faili iliyopita mikononi mwa watu kumi si ya kuaminiwa kwa macho.

Kuunda mgeni ni kujibu maswali: jina, aina ya mfumo, memori, diski. Diski ya GB 40 inatosha, na ukichagua ile inayokua taratibu haitachukua nafasi yote siku ya kwanza. Windows ikishaingia, weka ndani ya mgeni Additions Invité, maana bila hizo skrini inabaki ndogo na folda ya pamoja haifanyi kazi.

Folda hiyo ndiyo ninayotaka mwenzangu asiisahau. Mwanzoni niliinakili faili ya Kisanga ndani ya diski ya mgeni, nikafanya kazi humo siku tatu. Nilijiona mwangalifu kwa sababu kila jioni nilipiga picha ya hali ya mashine, ile VirtualBox inayoiita instantané. Siku ya nne umeme ulikatika na betri yangu ni ya mapambo. Diski ya mgeni haikuwaka tena. Picha nazo hazikusaidia kitu: si nakala kamili, zinaiegemea diski ileile, na zimelala kwenye kompyuta ileile. Kilichoniokoa ni fleshi ya yule aliyenitangulia, lakini siku zangu tatu zilikwenda.

Sasa data haikai kwa mgeni. Katika mipangilio, chini ya "Dossiers partagés", nimemfungulia folda moja ya mwenyeji. Yeye anaiona kama diski ya mtandao, Toolbox inaisoma na kuandika humo, na mgeni akifa faili inabaki Ubuntu. Kutoka hapo nainakili kwenye fleshi mbili. Faili ya asili, yenye N zake, nimeifungia dhidi ya kuandikwa. Siigusi.

Nimemkatia mgeni intaneti pia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo si mfumo wa kuzurura nao mtandaoni, na Windows yoyote ikiachiwa mtandao inaweza kumaliza forfe ya mwezi kwa masasisho ya usiku mmoja. Ondoa alama kwenye adapta ya mtandao. Vya kusakinisha vipitishe kwenye folda ya pamoja.

Kugeuza fonti kulichukua muda mfupi kuliko yote haya. Tahadhari ni moja: usigeuze faili nzima kwa pamoja. Sehemu za \lx zimeandikwa kwa IPA93, lakini \ge ni Kifaransa cha kawaida, na ukizipitisha zote kwenye kigeuzi kimoja kila N ya Kifaransa itatoka ŋ. Chagua alama za kugeuza moja moja. Nilipoifungua faili mpya kwenye Ubuntu, bila Toolbox, ŋ ilikuwa ŋ na toni zilikaa juu ya irabu zake. Zipo sehemu chache ambako mkusanyaji aliandika toni mbili juu ya irabu moja, na sijaamua kama ni toni ya kushuka au ni kidole kilichoteleza. Hizo itabidi nimpelekee msemaji wa Kisanga azitamke.