Choo na Bafu Mahali pa Chini: Somo kwa Watu wa Garissa

Mtu akusudiapo kujenga huuliza kwanza bei ya saruji na mabati. Lakini anayetaka kuongeza choo na bafu mahali pa chini hana budi kuanza na swali jingine: maji yatakwenda wapi? Maji kwa tabia yake huteremka, wala hayapandi pasipo kulazimishwa. Mwenye kujenga bafu katika ghorofa iliyo chini ya ardhi, katika mji kama Nairobi, huona kwamba sakafu yake iko chini kuliko bomba kuu la maji machafu. Humlazimu kuyakusanya maji katika tangi, kisha kuyapandisha kwa pampu. Siku pampu inaposimama, uchafu humrudia ndani.

Kwetu Garissa nyumba nyingi hazina ghorofa ya namna hiyo, lakini shida ni ile ile. Mitaa iliyo karibu na mto Tana, kama Bulla Sheikh na Ziwani, imo mahali pa chini, na shimo la choo huchimbwa chini zaidi. Mto ukifurika maji huingia shimoni, na vilivyomo shimoni huelea na kwenda mlango hata mlango.

Garissa haipati mvua nyingi. Tana hupokea maji yake kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, na mabwawa ya juu, kama Masinga lililokamilika mwaka 1981, yakijaa humwaga maji yaliyozidi. Kwa hiyo gharika yaweza kufika hali jua linawaka. Ilikuwa kubwa mwaka 1961, ikarudi mwaka 1997, kisha 2018, 2023 na 2024.

Ubaya wake si harufu tu. Kipindupindu husababishwa na kijidudu kitokacho katika choo cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mtu mzima kwa maji au chakula. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba watu waliokuwa wakifa katika mtaa mmoja wa London walikuwa wakiteka maji katika bomba moja lililochafuka. Nasi hatuko mbali na habari hizo: mwishoni mwa mwaka 2015 ugonjwa huo ulizuka katika kambi za Dadaab, ukaua watu. Basi kanuni ya somo hili ni moja: mahali pa chini, choo hakizidishwi kwenda chini, bali hupandishwa juu.

KUCHAGUA MAHALI. Waulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi katika gharika zilizopita, ukaweke alama ukutani au mtini. Ikiwa maji hufika hapo kila mto ufurikapo, shauri jema ni kujenga penye mwinuko, maana hakuna fundi awezaye kushindana na mto. Choo kiwe mbali na kisima kwa futi 100 au zaidi, tena upande wa chini wa kisima. Kisha, majira ya mvua, chimba tundu dogo la kujaribia. Ukikuta maji kwa kina cha futi 10, shimo lako lisizidi futi 5, ili pabaki futi 5 za udongo wa kuyachuja maji machafu.

SHIMO NA UKUTA WAKE. Udongo wa mchanga haushikamani, na shimo lisilo ukuta hubomoka, pengine na mtu akiwa juu yake. Chimba shimo la mviringo, ulijengee ukuta wa matofali ya saruji tangu chini, upana wa ndani ukiwa futi 4. Chini ya ardhi uache nafasi kati ya matofali, maji yapate kunywewa na mchanga. Futi moja ya juu chini ya ardhi, na futi 3 zinazosimama juu yake, zizibwe na kupigwa lipu pasipo tundu. Ukuta huo uipite ile alama ya gharika kwa futi moja. Ikiwa alama iko juu sana, ongeza ukuta. Uzungushie udongo ulioshindiliwa, na ujenge ngazi zenye kishikio kwa ajili ya wazee na watoto.

Je, litajaa lini? Nyumba ya watu 8 wanaotumia maji kujisafishia hujaza shimo hili karibu futi moja kwa mwaka. Toka chini hata juu ni futi 8. Futi 2 za juu ziachwe wazi. Basi litatumika kwa muda wa miaka 6 hivi.

KIFUNIKO NA BOMBA LA HEWA. Changanya saruji debe moja, mchanga madebe mawili na kokoto madebe matatu. Mimina unene wa inchi 3 juu ya wavu wa nondo. Kwa kuwa jua letu ni kali, funika kwa magunia na kuyalowesha kwa siku 7, la sivyo saruji itapasuka. Simamisha bomba la inchi 6 lipite paa kwa futi moja na nusu, na juu yake ufunge wavu mgumu wa nzi. Upepo ukipita juu huvuta harufu. Nao nzi hufuata mwanga wa bomba, wakanaswa. Ndiyo maana ndani pawe na giza. Hekima hii ilitengenezwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, katika miaka ya 1970.

Kumbuka pia kibla. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Garissa. Basi tundu likae ili mtu aelekee mashariki au magharibi. Jambo hilo halina gharama likifanywa kabla ya kumimina saruji, bali baadaye ni kuvunja.

BAFU. Chumba cha kuogea na kutawadhia kijengwe kando, na maji yake yasiingizwe kamwe katika shimo la choo, maana yatalijaza upesi. Sakafu iinuliwe futi moja juu ya ardhi, na iteremke inchi moja kwa kila futi 4 kuelekea bomba. Bomba liyapeleke maji kwenye shimo dogo lililojazwa kokoto, umbali wa futi 10 toka nyumba na choo. Mwarobaini au mgomba uliopandwa karibu utafurahia maji hayo.

MASWALI YA KUJIJARIBU
1. Kwa nini gharika huweza kufika Garissa siku isiyo na mvua?
2. Ni sehemu gani ya ukuta wa shimo huachiwa nafasi, na ipi huzibwa?
3. Alama ya gharika katika mtaa wako iko wapi? Jibu la swali hili halimo katika gazeti; nenda kamwulize mzee kabla hujashika jembe.