Daka, Wikio na Chokaa: Nyumba za Lamu

Muhula uliopita, katika mkutano wa chama chetu, kulizuka ubishi kuhusu majengo ya kale. Wenzangu wengi walishikilia kuwa kuhifadhi jengo ni kuzuia kuta zisianguke, basi. Mimi nilipinga, ila kengele ililia kabla sijamaliza. Nawaletea hoja yangu hapa.

Hebu tuuchukue mji wa kale wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hushikwa na boriti za mikoko. Boriti hizo si ndefu, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba.

Mlangoni kuna daka, ukumbi mdogo wenye baraza. Hapo mwenye nyumba huzungumza na mgeni bila kuwasumbua walio ndani. Ukishapita daka, njia hupinda ili mpita njia asichungulie. Kumbe ile kona ni adabu iliyojengwa kwa mawe!

Kinachonivutia zaidi ni wikio, yaani chumba kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Baba akimwoza binti, aghalabu alimjengea karibu, na kwa njia ya wikio mama na mwanawe wakatembeleana bila kushuka barabarani. Sasa fikiria nyumba moja iuzwe kwa mtu wa mbali anayekuja likizo tu. Mlango wa wikio utazibwa. Kuta zote zipo, hata ufa hamna, lakini hamna tena anayepita. Je, hapo tumehifadhi nini?

Halafu kuna ufundi. Mjomba wangu, ambaye ni mwashi, asema saruji ni ngumu mno kwa ukuta wa matumbawe: hufungia unyevu ndani, lipu ikabambuka. Chokaa huuacha ukuta upumue. Kijana asipofundishwa kuichoma na kuichanganya, hata pesa ziwepo, nani atatengeneza?

Mwenzangu mmoja aliniuliza, ati tuwakataze watu kuuza nyumba zao? La, jamani, mtu ana karo ya kulipa. Nasema tu kwamba fedha za ukarabati zikija, sehemu yake iwalipe mafundi wazee wafundishe vijana, na akina mama waliokulia mle waulizwe kwanza chumba kipi kilikuwa cha nini. Anayepinga na ajitayarishe kwa mkutano ujao.