Mgeni wa Silibwet na Njia ya Hospitali

Kila mwaka watu hufika Silibwet kutafuta kazi ya chai. Baadhi yao hutoka Kisii na Nyamira, wengine pande za ziwa, na wengine hutoka karibu tu, katika mashamba makubwa ya Kericho, ambako siku hizi mashine huchuma majani yaliyokuwa yakichumwa kwa mikono. Mgeni akifika huuliza mambo matatu: chumba cha kupanga, bei ya kilo moja ya majani, na siku ya malipo. Habari za hospitali haziulizi mpaka siku ambayo mtu wa nyumbani mwake hawezi kuinuka kitandani. Makala haya yameandikwa ili aulize mapema.

Aliyezoea mashamba makubwa ndiye anayekosea upesi zaidi. Huko, tangu zamani, makampuni yalijenga zahanati zao kwa ajili ya wafanyakazi. Mchumaji akishikwa na homa alikwenda zahanati ya kampuni, na nyapara alijua yuko wapi. Silibwet haiko hivyo. Chai ya hapa kwa sehemu kubwa ni mali ya wakulima wadogo, ambao hupeleka majani yao katika viwanda kama vile Tirgaga na Kapkoros. Mchumaji hulipwa na mwenye shamba kwa kadiri ya kilo alizopima. Mara nyingi hapana karani wa kuandika jina lake, wala wa kumkata fedha za matibabu na kuzipeleka panapostahili. Kazi hiyo ya karani sasa ni yake mwenyewe.

Basi na aelewe kwanza jinsi matibabu yalivyopangwa. Tangu mwaka 2013 zahanati, vituo vya afya na hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa serikali za kaunti, nasi hapa tumo katika Kaunti ya Bomet. Ngazi za matibabu katika Kenya ni sita. Ya kwanza haina jengo. Ni mhudumu wa afya wa jamii, ambaye hutembea nyumba kwa nyumba. Mwaka 2023 Serikali iliwapa wahudumu hao, wapatao 100,000 katika nchi nzima, mikoba yenye vyombo vya kupimia joto la mwili, sukari na nguvu za damu. Mgeni na amtafute mtu huyu katika juma lake la kwanza. Mwenye nyumba au mzee wa kijiji atamwonyesha. Ngazi ya pili ni zahanati, ya tatu ni kituo cha afya, ya nne ni hospitali ya kaunti ndogo. Juu yake iko hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo kwetu ni Longisa, na ya sita ni hospitali kuu za taifa, kama ile ya Moi iliyoko Eldoret.

Neno hili “rufaa” huwatisha watu, kwa kuwa wengi walilisikia kwanza barazani, mtu alipokata rufaa baada ya kushindwa kesi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuinua. Mgonjwa aliyepewa barua ya rufaa hakushindwa, wala hakufukuzwa. Ameinuliwa kwenda kwa daktari mwenye vyombo zaidi. Barua hiyo asiipoteze.

Jirani yetu iko pia Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1937 kwa matibabu madogo ya wauguzi, ikapata daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, mwaka 1959. Leo ni hospitali kubwa ambamo madaktari wapasuaji hufundishwa, na wagonjwa huijia kutoka mbali. Kwa sababu ya sifa hiyo, mgeni mwenye kikohozi cha siku mbili huipita zahanati na kwenda moja kwa moja Tenwek, akapanga foleni pamoja na watu waliovunjika mifupa. Hatendi dhambi, lakini hupoteza siku ya kazi, na huenda akalipa fedha ambazo zahanati isingemtoza.

Sasa tufike penye kosa lenyewe. Bima ya zamani ya hospitali, NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, iliondolewa, na tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iitwayo kwa kifupi SHA, ikaanza kazi mahali pake. Kadi ya zamani haifai tena kitu. Ni lazima mtu ajiandikishe upya, kwa kitambulisho chake na simu, akipiga *147#, au kwa msaada wa mhudumu wa afya.

Lakini kujiandikisha ni jambo moja, na kuchanga ni jambo la pili. Aliyejiandikisha tu anaweza kutibiwa katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA, kwa maradhi ya kwenda na kurudi, bila kulipa. Gharama hiyo huchukuliwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Akilazwa, au akipasuliwa, gharama hutoka katika mfuko mwingine, Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, na mfuko huo humtumikia yule aliyekwisha kutoa mchango wake.

Tutoe mfano. Mama ametoka Nyamira akiwa na mimba ya miezi sita. Alijiandikisha, akaenda zahanati mara mbili, hakudaiwa hata senti. Akaamini kwamba mambo yamekwisha. Tena dada yake alijifungua miaka ya nyuma chini ya mpango wa Linda Mama, wala hakulipa. Mama huyu hajui kwamba mpango ule umeingizwa katika utaratibu mpya, na kwamba kujifungua kumo katika mfuko wa wachangaji. Usiku wa uchungu anapelekwa hospitali, mtoto amekaa vibaya, inabidi apasuliwe. Mfuko huilipa hospitali shilingi 30,000 kwa upasuaji wa namna hiyo, na shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida. Asiyechanga atadaiwa yeye. Mchumaji wa kilo atazitoa wapi usiku huo?

Mchango wa mwenye mshahara ni asilimia 2.75 ya mshahara wake, na mwajiri huukata na kuupeleka. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake na maisha yake, kisha hupangiwa kiasi. Na ajibu kweli, maana anayejisifu kwa mali asiyo nayo atatozwa kwa sifa hizo. Kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, nacho hutakiwa kwa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600. Uko mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole kwa wasioweza kutoa zote pamoja. Aulize masharti yake kabla ya kukubali. Mke au mume na watoto waandikwe pia, kwa majina yao. Na kabla ya siku za kujifungua au za kupasuliwa, aiulize hospitali kama iko tofauti yoyote atakayotakiwa kuongeza juu ya malipo ya mfuko.

Kwa ajali na hatari ya kufa, sheria ni nyingine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Maswali ya bima yatangojea.

Anayehama akiwa katikati ya dawa za kifua kikuu, au za virusi vya UKIMWI, aombe barua ya uhamisho huko atokako. Dawa hizo hutolewa bure hapa kama kule, lakini mwuguzi mpya hawezi kukisia amekwisha kumeza miezi mingapi. Mama naye asikiache nyumbani kijitabu cha Mama na Mtoto.

Mwisho, mgonjwa na aseme alikotoka. Silibwet ni nchi ya baridi, na mtu akitetemeka hapa wengi watadhani ni kichomi. Ikiwa alikuwa pwani ya ziwa majuma mawili yaliyopita kwa mazishi, huenda ameleta malaria, na mganga asipoambiwa huenda asiipime upesi. Wauguzi wengi hapa ni Wakipsigis, lakini Kiswahili wanakijua. Mgeni awaamkie “Chamgei,” kisha aeleze kwa Kiswahili siku aliyosafiri, mahali alipolala, na siku homa ilipoanza.