Samsara ya Jana na Samsara ya Leo: Kuyafahamu Manukato Yaliyobadilishwa Mchanganyiko

Mama mmoja wa makamo alifika ofisini kwetu akiwa na chupa mbili nyekundu ndani ya mfuko wa karatasi. Zote mbili zilikuwa za manukato yaitwayo Samsara, yanayotengenezwa na kampuni ya Guerlain ya Paris. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu mama yake, na ilikuwa imebaki robo. Ya pili aliinunua dukani wiki hiyo kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, kwa kuwa alitaka bibi harusi anukie kama mama yao. Alipojipulizia ile mpya hakuipata harufu aliyoitarajia. Muuzaji alimjibu kwamba pua yake ndiyo iliyochoka. Yeye aliamini ameuziwa bandia, akaomba tumsaidie kurudishiwa fedha zake.

Tulizichunguza chupa zote mbili pamoja na boksi na nyaraka za uingizaji wa bidhaa. Chupa mpya haikuwa bandia. Pua ya mama huyo nayo haikuwa na kasoro, kwani harufu hizo mbili zilitofautiana kweli, na yeyote kati yetu aliyenusa aliweza kuzitenganisha. Somo hili linahusu hali hiyo ya tatu, ambayo walaji wengi hawaifahamu: bidhaa halali, yenye jina lilelile na chupa inayofanana na ya zamani, lakini ambayo kilichomo ndani kimebadilika.

Manukato yenyewe

Samsara iliingia sokoni mwaka 1989. Aliyeitunga ni Jean-Paul Guerlain, mtunzi wa manukato wa ukoo ulioanzisha kampuni hiyo mwaka 1828. Jina lake limetoka katika Kisanskriti, nalo humaanisha mzunguko wa kuzaliwa na kuzaliwa tena. Wataalamu huyaweka manukato haya katika jamii ya maua na miti, maana yamesimama juu ya nguzo mbili: asmini kwa upande wa maua, na sandali kwa upande wa miti. Kuzunguka nguzo hizo kuna langilangi, waridi, airisi na vanila.

Msomaji wa pwani hatakuta ugeni mkubwa humo. Asmini anaijua kwenye kikuba. Langilangi hulimwa Komoro, na visiwa hivyo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Sandali anaijua katika liwa inayosagwa juu ya jiwe na kupakwa mwilini. Asiichanganye tu na udi: udi una moshi na ukali, ilhali sandali ni laini na nzito kidogo, yenye utamu usio wa sukari, mfano wa maziwa yaliyochemshwa taratibu. Katika Samsara ya mwanzo, sandali ya Mysore, kusini mwa India, ilitumika kwa kiasi kikubwa kuliko ilivyozoeleka katika manukato ya Ulaya.

Hapa tungependa kuondoa dhana moja potofu. Wauzaji wa chupa za zamani hupenda kusema kwamba toleo la kwanza lilikuwa la asili tupu na la sasa ni kemikali tupu. Si kweli. Tangu mwaka 1989 Samsara ilikuwa na Polysantol, kiungo cha maabara chenye harufu ya sandali, ambacho kiliyapa mafuta ya mti nguvu ya kuenea hewani. Kiungo cha maabara si udanganyifu wala si dalili ya ubora hafifu. Swali la maana ni uwiano wa viungo, na huo ndio uliobadilika.

Jinsi ya kunusa kwa haki

Manukato hayana harufu moja. Viungo vyepesi, kama vile maganda ya machungwa na jamaa zake, hupaa katika dakika chache za mwanzo. Maua hufuata na kukaa kwa saa kadhaa. Miti, vanila na miski hubaki mwisho, wakati mwingine hadi asubuhi ya pili. Mnunuzi anayenusa kifuniko dukani na kulipa papo hapo amenunua dakika kumi za kwanza tu.

Kwa manukato ya jamii hii tunashauri hivi. Pulizia karatasi mbili za kunusia, moja kwa kila toleo, uandike jina juu ya kila karatasi. Nusa mara moja, kisha ziweke mbali. Rudi baada ya robo saa, baada ya saa mbili, na asubuhi. Uamuzi wako uutegemeze zaidi kwenye saa ya pili na asubuhi, kwa kuwa huko ndiko sandali inakokaa. Usizihukumu dakika za mwanzo za chupa kuukuu, maana viungo vyepesi huharibika kabla ya vingine. Ukali wa mwanzo unaofanana na rangi ya kucha au siki mara nyingi ni uzee wa chupa, nao hauthibitishi kwamba mchanganyiko ulikuwa tofauti. Kumbuka pia kwamba baadhi ya watu hawazinusi kabisa molekuli fulani za sandali na miski, ijapokuwa pua zao ni nzima. Kwa sababu hiyo mshirikishe mtu wa pili.

Tulipofanya jaribio hili kwa chupa za mlalamikaji wetu, mwanzo wa chupa ya mama yake ulikuwa mbovu kuliko wa ile mpya. Baada ya saa mbili mambo yaligeuka. Chupa ya zamani ilikuwa na sandali nene, kama krimu. Ile mpya ilikuwa safi zaidi na nyepesi zaidi, asmini ikiwa mbele na mti ukiwa nyuma. Wawili kati yetu waliipendelea mpya. Hilo si kosa, ila halimsaidii mtu anayemtafuta mama yake.

Kwa nini mchanganyiko hubadilishwa

Sababu ya kwanza ni mti wenyewe. Msandali wa India huishi kwa kunyonya sehemu ya chakula chake katika mizizi ya mimea jirani, na mafuta yake hupatikana katika kiini cha shina na mizizi, baada ya miaka mingi ya kukua. Kwa kuwa mizizi nayo ina mafuta, mvunaji huung'oa mti mzima. Mwaka 1792 Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, aliutangaza kuwa mti wa kifalme, na tangu hapo serikali zilizofuata ziliendelea kuushikilia. Ulinzi huo haukuzuia magendo. Mwaka 1998 msandali wa India uliorodheshwa kimataifa miongoni mwa spishi zilizo hatarini. Ugavi ulipopungua na bei kupanda, kiasi kilichotumika mwaka 1989 hakikuweza kuendelea kwa bidhaa inayouzwa dunia nzima. Leo msandali huohuo hupandwa katika mashamba makubwa kaskazini mwa Australia Magharibi, na viungo vya maabara vimeongezeka kwa aina na kwa ubora.

Upungufu huo ulifika hadi kwetu. Msandali wa Afrika Mashariki, ambao kitaalamu huitwa Osyris lanceolata, si ndugu wa karibu wa ule wa India, lakini mafuta yake yametumika kama mbadala, na miti ya porini imeng'olewa kwa ajili hiyo. Tangu mwaka 2013 biashara ya kimataifa ya mti huu kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia inasimamiwa chini ya mkataba wa CITES. Anayekuletea magogo au mafuta ya sandali ya porini kwa bei ya kutupa anastahili kuulizwa kibali.

Sababu ya pili ni usalama wa ngozi. Shirikisho la kimataifa la watengenezaji wa manukato, IFRA, lililoanzishwa mwaka 1973, huweka viwango vya juu kabisa vya viungo vinavyoweza kuleta mzio, yakiwemo mafuta ya asmini. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2003 kwamba viungo 26 vya namna hiyo vitajwe kwa majina kwenye lebo, na mwaka 2023 ukaongeza orodha hiyo kupita 80. Kiungo kiitwacho Lilial, kilichozoeleka sana katika manukato ya maua, kilipigwa marufuku huko tangu tarehe 1 Machi 2022. Mabadiliko ya namna hii yamewaudhi wapenzi wengi wa manukato. Sisi tumeshaona mikono na shingo zilizobabuka, hivyo hatuwezi kuyalaumu.

Sababu ya tatu ni gharama, na hiyo kampuni hazipendi kuizungumzia.

Haki ya mlaji iko wapi

Fomula ya manukato ni siri ya biashara. Lebo huruhusiwa kuandika neno «parfum» kwa mchanganyiko wote wa harufu, pamoja na majina ya viungo vya mzio. Mtengenezaji hawajibiki kumtangazia mnunuzi kila badiliko, na kubadilisha mchanganyiko peke yake si kosa. Kwa hiyo hatukuweza kumwambia mlalamikaji wetu kwamba ameibiwa kwa sababu tu harufu si ileile.

Lakini duka lilikuwa limeweka kadi kando ya chupa hizo, yenye maneno: «Harufu ileile tangu 1989.» Kadi hiyo haikutoka kwa mtengenezaji, iliandikwa dukani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na mama huyu alinunua kwa kuyaamini maneno hayo. Tulipomweleza mwenye duka, alirudisha fedha na kuiondoa kadi.

Mnunuzi anayetafuta harufu ya zamani aulize waziwazi, na jibu aombe liandikwe kwenye risiti. Aitunze boksi ya zamani: orodha ya viungo ikitofautiana na ya boksi mpya, hiyo ni dalili nzuri kwamba mchanganyiko umeguswa. Namba ya toleo iliyochapwa chini ya chupa ioane na ya kwenye boksi, isipooana, asilipe.

Chupa za zamani zinazouzwa mikononi kwa bei maradufu zinahitaji tahadhari zaidi. Nyingi hazina orodha ya viungo vya mzio, na hakuna ajuaye zimepigwa jua kwa miaka mingapi. Mwenye ngozi nyepesi apake tone moja ndani ya kiwiko na kusubiri siku mbili. Huko Versailles, Ufaransa, kuna hazina ya manukato iitwayo Osmothèque, iliyofunguliwa mwaka 1990, ambako manukato ya kale huhifadhiwa gizani, kwa takribani nyuzi 12 za Selisiasi, chini ya gesi ya argoni. Kabati la bafuni mjini Dar es Salaam ni kinyume cha hayo yote. Chupa unayoithamini iweke ndani ya boksi lake, katika chumba chenye baridi kuliko vingine, mbali na dirisha.

Anayeleta malalamiko aje na risiti, boksi na chupa yenyewe, ikiwa bado na manukato ya kutosha kunuswa. Kama kulikuwa na tangazo au kadi, aipige picha kabla ya kuondoka dukani.